Usiruhusu Mshindani Akupangie Tarehe

Juzi usiku, nikiwa nimeshafunga kompyuta, kijana mmoja anayefuatilia maandishi yangu kwa muda mrefu alinitumia ujumbe: "Kaka, pole na majukumu. Programu yangu imefika asilimia tisini. Leo mshindani wangu ametangaza kwamba yake inatoka mwisho wa mwezi, na mambo ni yaleyale. Nikijibana naweza kutoka wiki ijayo nikawa wa kwanza. Nitoke?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwisho nikamwandikia neno moja, "Subiri," nikamwahidi kwamba sababu nitazieleza hapa, maana najua hayuko peke yake. Wewe unayenisoma nawe una kitu unachokijenga usiku wenzako wakiwa wamelala, na nawe kuna mtu unayemwangalia kwa jicho la pembeni, kila akitoa jambo jipya moyo unakulipuka. Nakujua kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo.

Mwaka 2018 nilikuwa namalizia programu niliyoianza na rafiki yangu wa miaka mingi. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Simu za watu zinajaa picha, hifadhi inakwisha, simu inakataa hata kupiga picha nyingine. Programu yetu ingezipandisha picha kwenye seva, yaani kompyuta yetu ya mtandaoni, halafu ingezifuta kwenye simu ili nafasi ipatikane. Ukitaka kuiona picha unaigusa, inashuka. Miezi kumi na minne ya kuandika msimbo sina haja ya kukusimulia, unaijua ilivyo. Tulipokaribia mwisho tulitofautiana juu ya mgao, akaondoka, na baada ya muda nikasikia anajenga ya kwake. Sitasema mengi juu ya hilo. Nitasema tu kwamba kurasa tatu za programu yake nilizichora mimi kwa mkono wangu, kwenye daftari ambalo mpaka leo ninalo.

Tarehe yangu ya kuzindua nilikuwa nimeshaipanga. Ghafla akatangaza ya kwake, siku nne kabla ya yangu. Usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha nikaamua kutoka siku tisa kabla ya tarehe niliyoipanga, ili nimtangulie.

Nilikuwa na orodha ya majaribio yenye mistari 58. Kila jaribio likipita naweka alama ya vema. Siku ya kutoka, mistari minne ilikuwa haina alama. Mstari wa 41 ulisema: "Simu ikiizima programu katikati ya kupandisha picha." Niliuona. Nilisimama juu yake kalamu mkononi, nikajiambia jambo hilo hutokea mara chache, nitalishughulikia kwenye toleo linalofuata. Nikageuza ukurasa.

Kwa asiyejua, watengenezaji wa simu wanashindana pia kwa chaji. Kila mmoja anataka aseme betri yake inamaliza siku. Njia mojawapo ya kufika huko ni kuzizima programu zinazofanya kazi chinichini pindi kioo kikizimika, na baadhi ya simu za Android hufanya hivyo kwa ukali kuliko nyingine. Mimi nilikuwa nimejaribu kwenye simu mbili tu, na zote mbili zilikuwa za upole.

Siku ya kwanza watu zaidi ya 3,000 waliipakua. Nilipiga picha ya skrini nikaiweka kwenye status, nikijua kabisa yule mwenzangu ataiona. Aliiona. Siku nzima nilikuwa natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya sita akaniandikia mama mmoja. "Mwanangu, picha za marehemu mama yangu sizioni. Zinaonyesha kijivu tu." Nilifungua akaunti yake kwenye seva. Picha 212 zilikuwa na alama kwamba zimepanda. Zilizokuwepo kweli zilikuwa chini ya nusu.

Kosa lilikuwa dogo kiasi kwamba hata kulieleza naona aibu. Programu iliweka alama ya "imeshapanda" pale inapoanza kuipandisha picha, badala ya kungoja seva ijibu kwamba imeipokea yote. Simu ikiizima programu katikati, alama inabaki ilhali picha haijafika. Baadaye sehemu ya kusafisha inapita, inaona alama, inafuta. Mistari miwili ya msimbo ilikuwa imepishana nafasi, basi. Mstari wa 41 wa orodha yangu ungeikamata ndani ya nusu saa.

Nilimwomba yule mama asiitumie simu yake kwa lolote, tukahangaika siku mbili kutafuta kilichobaki. Tulichopata ni vijipicha, vile vidogo ambavyo simu huvihifadhi kwa ajili ya kuonyesha kwenye orodha. Kimojawapo nakiona hadi leo nikifumba macho: bibi amekaa, ameangalia pembeni, mkono mmoja umeinuka kama anayemwita mtu. Ukubwa wake ni kama ukucha. Ukikikuza kinapasuka kuwa miraba miraba, uso unapotea. Yule mama akaniambia, "Basi hiki hiki kinatosha." Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hili linaniuma kuliko la kwanza. Nilikimbilia kutengeneza marekebisho. Ndani ya siku mbili nikatoa toleo jipya, ambalo lingehakiki kila picha kwenye seva, na ikiwa haina uhakika, ipandishe upya. Nilisahau kuweka sharti kwamba ifanye hivyo mtu akiwa kwenye Wi-Fi. Usiku mmoja programu yangu ikaanza kupandisha maelfu ya picha kwa data za watu. Walioamka asubuhi walikuta bando limekwisha. Wale waliokuwa wamenivumilia wiki ya kwanza, wengi wao walinihama wiki ya pili.

Kinachonichoma ni kwamba somo lote hili nilikuwa nimeshalisoma, tena kwa makini. Januari 2017 Samsung walitoa ripoti yao juu ya Galaxy Note 7, nami niliisoma mwanzo hadi mwisho nikajiona mjuzi. Simu ile iliingia sokoni tarehe 19 Agosti 2016, wiki chache kabla Apple hawajaonyesha iPhone 7 Septemba 7. Ilisifiwa mno. Kabla mwezi haujaisha habari za simu kuungua zikaanza, na tarehe 2 Septemba Samsung wakatangaza kuzirudisha zote, milioni 2.5. Hadi hapo ni ajali, na ajali humpata yeyote. Walikuja kuumia zaidi kwenye hatua iliyofuata. Waliwapa watu simu mbadala zenye betri za mtengenezaji mwingine, na hizo mbadala nazo zikaanza kuungua. Oktoba 5 ndege moja huko Marekani ilibidi watu washushwe kwa sababu ya simu mbadala iliyotoa moshi. Oktoba 11 wakaacha kabisa kuitengeneza.

Ripoti ilionyesha kwamba zilikuwa kasoro mbili tofauti. Kwenye betri za kwanza, pembe ya juu ilikuwa imebanwa, tabaka la ndani likapinda, shoti ikatokea. Kwenye betri za pili, uchomeleaji uliacha ncha kali zilizotoboa mpaka ndani, na nyingine zilikosa hata utepe wa kuzuia umeme. Ili kulijua hilo waliweka wahandisi kama 700, wakajaribu simu zaidi ya 200,000 na betri zaidi ya 30,000. Ndugu zangu, soma tena takwimu hizo. Jitihada ya namna hiyo ingefanyika Julai, Note 7 pengine ingekuwa ndiyo simu ya mwaka.

Mimi niliyesoma yote hayo, mwaka mmoja tu baadaye, nilitoa dawa bila kuipima, kwa wagonjwa niliowaambukiza mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukishaharibu, usikimbie. Mtu aliyeharibu ana aibu, na aibu ina haraka kuliko tamaa. Zima kile kinachoharibu, waambie watu ukweli, kisha kaa chini. Mimi ningezima ile sehemu ya kufuta tu, kazi ya dakika kumi, halafu nijipe wiki tatu za kutengeneza kwa utulivu. Hakuna aliyekuwa ananidai toleo jipya kesho yake. Nilikuwa najidai mwenyewe.

Baada ya hapo nilifanya jambo moja ambalo najivunia, na sitaona haya kulisema. Niliwaandikia watumiaji wote waliobaki. Niliwaeleza kosa lilikuwa wapi, bila kupaka rangi, na mwisho wa barua nikawashauri kwamba wakati natengeneza, watumie programu nyingine. Nikaitaja kwa jina. Ilikuwa ya yule mwenzangu.

Hilo nilijifunza kwa Apple. Septemba 2012 walitoa ramani zao wenyewe kwenye iPhone badala ya zile za Google, kwa sababu ushindani kati yao ulikuwa umefika mahali pabaya. Ramani zilikuwa hazijaiva. Mahali palionyeshwa sipo, picha za madaraja zilionekana zimeyeyuka. Tarehe 28 mwezi huohuo Tim Cook, mkuu wao wakati ule, aliandika barua ya kuomba radhi, na ndani yake akawataja washindani ambao watu wangeweza kutumia ramani zao, Google wakiwemo. Fikiria uzito wa kuandika sentensi ile. Mimi nilipoiandika ya kwangu mkono ulikuwa unatetemeka, na kusema kweli jina la ile programu nililiandika na kulifuta mara tano. Lakini yule mama aliyepoteza picha aliijibu ile barua. Alisema, "Sasa nakuamini."

Programu ile niliifunga miezi minane baadaye.

Februari 2019 niliangalia uzinduzi wa Galaxy Fold kwa macho mengine kabisa. Wenzangu walikuwa wanashangilia simu inayokunjika. Mimi nilikuwa naangalia kalenda. Kampuni iitwayo Royole ilikuwa imeshatangulia na FlexPai yake mwishoni mwa Oktoba 2018. Samsung wakaonyesha Fold tarehe 20 Februari, Huawei wakaonyesha ya kwao inayokunjika, Mate X, tarehe 24. Siku nne! Moyo ulinidunda kwa sababu siku nne ndizo zilizonimaliza mimi. Aprili waandishi wakapewa Fold za kujaribu, na siku chache tu baadaye baadhi zikafa. Wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni ile karatasi ya kukinga kioo ambayo kila mtu huibandua, kumbe ni sehemu ya kioo chenyewe. Kwingine uchafu uliingia kwenye nafasi za bawaba ukavimbisha kioo kutoka chini. Ilikuwa iingie sokoni Aprili 26; siku chache kabla, wakaahirisha.

Na hapa nawapa heshima yao. Waliirudisha kiwandani, utando wakaupeleka hadi chini ya fremu ili usibanduke, wakaziba mianya ya bawaba, wakaongeza tabaka la chuma chini ya kioo, wakairudisha Septemba. Mkuu wao wa simu wakati ule, DJ Koh, alikiri hadharani kwamba aliisukuma itoke kabla haijawa tayari. Niliposoma maneno yake nilimwona kama ndugu. Huawei nao walichelewa, Mate X ikatoka China Novemba. Mbio zote zile za Februari, na mteja hakushika simu iliyo kamili mpaka mwaka unaelekea ukingoni.

Sasa najua utaniuliza. Watu huniuliza kila ninapolisema hili: mbona iPhone ya kwanza ilitoka ikiwa haijakamilika, na ikaibadilisha dunia? Ni swali zuri na wengi hulijibu vibaya. Ni kweli, simu iliyoonyeshwa Januari 9, 2007 na kuuzwa Juni 29 ilipungukiwa mambo mengi. Haikuwa na 3G, mtandao wa kasi wa wakati ule, ilhali wenzake walikuwa nayo. Haikuwa na duka la programu, hilo lilikuja Julai 2008. Kunakili na kubandika maandishi, kitu ambacho leo mtoto anakifanya, kulikuja 2009. Lakini kile kilichokuwemo kilifanya kazi. Ukiburuta kidole, ukurasa ulikifuata. Walikata vitu vizima vizima wakaviacha nje, ili vilivyobaki viive.

Linganisha na BlackBerry Storm, iliyotoka Novemba 2008 kuijibu iPhone. Kioo chake kizima kilikuwa kinabonyea kama kitufe kimoja kikubwa, wazo ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Ubunifu ulikuwepo, sikatai. Ila ilitoka bila Wi-Fi, na programu yake ilikuwa nzito na yenye hitilafu, watu wakairudisha madukani. Pale hawakukata, waliharakisha.

Kupungua na kutoiva ni mambo mawili. Programu yangu ya 2018 ningeweza kuipunguza. Ningeitoa ikiwa inapandisha picha tu, bila kufuta chochote kwenye simu. Ingekuwa nusu ya wazo, mwenzangu angenicheka, na picha za yule bibi zingekuwepo hadi leo. Hakuna siku niliyofikiria kukata. Nilifikiria kuongeza tu, kwa sababu nilikuwa nahesabu vipengele vya mwenzangu na kutaka vyangu vizidi kwa kimoja.

Kwa hiyo ukibanwa na muda, kata. Narudia, kata kipengele kizima, ukitoe na mizizi yake. Usikiache ndani kikiwa nusu mbichi kwa sababu tu umeshakiweka kwenye tangazo. Na kama kitu chenyewe hakikatiki, kiue. Apple walitangaza mkeka wa kuchajia vifaa vitatu kwa pamoja, AirPower, Septemba 2017. Machi 29, 2019 wakasema hawatautoa, haukufikia viwango vyao. Walisemwa sana wiki ile. Leo nani analalamika? Wenyewe hao hao Juni 2024 waliahidi Siri mpya, msaidizi wao wa sauti, yenye kuelewa mambo yako binafsi, wakaitangaza na kuuza simu kwa jina lake, halafu Machi 2025 wakalazimika kusema itachelewa na tangazo wakaliondoa. Kampuni tajiri kiasi hicho bado inasukumwa na wenzake hadi kuuza kisichokuwepo. Wewe na mimi ni akina nani tusijilinde?

Mwaka 2021 nilitoa programu yangu ya pili. Ni ndogo, inarekodi sauti na kuipanga kwa tarehe, haifanyi lingine. Wakati naijenga, watu wawili walinitangulia sokoni, mmoja kwa miezi mitano mizima. Nilizipakua zote mbili siku ya kwanza, nikazitumia wiki nzima, nikaandika zinapokwama, kisha nikazifuta kwenye simu yangu na sikuzifungua tena hadi nilipotoka. Safari hii niliazima simu kumi na moja za watu, za kila aina, za zamani na zenye vioo vilivyopasuka, nikazijaza mpaka hifadhi ikaisha, nikaziacha chaji ifike asilimia mbili huku zinarekodi. Nyingine nilizitoa betri katikati ya rekodi. Nilitoka wa tatu. Leo programu hiyo inanilipia maisha yangu na ya watu wengine wawili ninaofanya nao kazi, na haijawahi kupoteza rekodi ya mtu. Nalisema kwa fahari kwa sababu nimelilipia.

Nawe ukae na hilo. Tarehe yako itoke kwenye orodha yako ya majaribio, mshindani wako asiwe na kalamu ya kuiandika. Akitangaza, mpongeze, zima simu, rudi kwenye mstari usio na alama. Huyo unayemwogopa naye anakuogopa wewe, anakata kona zake kwa ajili yako, na wateja wake ndio watakaokuja kukuambia amekosea wapi. Kuwa wa kwanza kunasahaulika. Ni wangapi kati yenu mlioikumbuka Royole kabla sijaitaja hapa?

Yule kijana nilimwomba jambo moja tu: anitumie orodha yake ya majaribio jinsi ilivyo, bila kuipamba. Alichelewa kujibu, nikajua kwa nini. Jana usiku ikafika. Ina mistari 64, na mitano haina alama. Wa kwanza kati ya hiyo mitano unasema: "Mtandao ukikatika wakati mtumiaji anahifadhi." Pembeni yake ameandika kwa herufi ndogo, "toleo lijalo."

Nimempa namba yangu anipigie asubuhi.